Suruali ya Ushindi wa Elfu

Keki ilikuwa imeshaandikwa 1000 kwa sukari nyekundu, na mechi yenyewe haijaisha. Hilo peke yake lilitosha kumpandisha presha Kocha Verlene Guidry. Miaka thelathini na moja amefundisha softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia, katika chuo hiki kidogo cha Louisiana, ameshinda mara mia tisa tisini na tisa, na leo ndiyo mechi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Akiikosa elfu leo, basi tena.

Halafu kuna hii suruali! Mabinti wa timu wamemnunulia mpya, zawadi. Walimpigia dada yake simu kuuliza saizi, na dada mtu, bila haya, akataja saizi yake mwenyewe, yeye aliye mnene mara mbili. Ile ya zamani? Wameitia kwenye fremu ya kioo ukumbini, watu wanapiga nayo picha.

Kwa hiyo kila dakika Kocha anaipandisha. Na kwa timu yake, kocha akigusa kiuno maana yake ni moja tu: chomoka, iba besi inayofuata, yaani kimbilia kituo cha mbele kabla mpira haujapigwa.

Mkimbiaji wa kwanza akachomoka, akatolewa. Wa pili vilevile.

"Mna wazimu nyie?"

"Si umegusa kiuno, Kocha!"

"Navuta suruali, mama! Leo kiuno hakina maana. Mmesikia?"

Odile, msaidizi wake wa siku zote, akajichekea. "Nikuletee pini, shoga?"

"Lete, niufungie huo mdomo wako."

Kipindi cha mwisho, alama mbili kwa mbili. Tansy Arceneaux yuko besi ya pili. Kocha amesimama kando ya besi ya tatu, suruali kaikamata kwa mikono miwili. Jukwaani watu wanagonga kengele na masufuria, hata sauti yako mwenyewe huisikii.

Mara mpira ukamponyoka mdakaji wa wapinzani, ukabingirika hadi kwenye uzio. Tansy akatimua mbio, akafika besi ya tatu, imebaki ile ya mwisho waiitayo nyumbani, yenye alama ya ushindi; akaganda, macho kwa Kocha.

"Nenda nyumbani!"

"Eti?"

"Nenda, wewe mtoto!"

"Sisikii! Nipe ishara!"

Mdakaji ameshauinamia mpira. Na ishara ya kwenda ni mikono yote miwili kuzungushwa hewani. Mkono mmoja ni kusimama. Nani aliwafundisha hivyo? Yeye mwenyewe. Kocha akatazama jukwaa lililojaa pomoni, akamtazama Tansy, akasonya.

Akaachia.

Mikono ikazunguka kama feni. Suruali ikashuka hadi kwenye viatu, kaptula ya ndani yenye picha za kamba wekundu wa mtoni ikaonekana na chuo kizima. Tansy akaruka, akateleza kwa tumbo hadi nyumbani, vumbi likatanda. Mwamuzi akatandaza mikono: salama! Tatu kwa mbili, mechi imekwisha, elfu imetimia.

Uwanja ukalipuka. Tansy akainuka, mdomo umejaa vumbi.

"Kocha! Suruali kushuka ni ishara ya nini?"

"Ya kustaafu," alisema Kocha, akiinama kuiokota. "Odile! Iko wapi hiyo pini?"