Diski Ndani ya Gunia

Kwenye uwanja wa mbio walimwita Pazia. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kushona mapazia, lakini madereva wenzake walidai jina lilitokana na jambo jingine: ukiwa nyuma yake huoni mbele, hata ufanyeje. Gari lake lilikuwa dogo, la milango miwili, limechujuka rangi, ila injini bado ilikuwa na hasira. Mumewe, mwalimu wa muziki ambaye barabara yenye kona mbili tatu humtia kichefuchefu, aliukubali mchezo huo kwa shingo upande. Aliyekuwa naye bega kwa bega ni baba mkwe wake, fundi wa mabasi aliyestaafu, ambaye gereji yake ilipakana na chumba cha cherehani. Mlango wa katikati haukufungwa kamwe, na mara nyingine mteja alichukua pazia lake likinuka grisi kidogo.

Msimu ule walikuwa wakiusaka wepesi. Walikuwa wameng'oa kiti cha nyuma, zulia na redio. Zilibaki breki. Baba mkwe alipozifungua diski zilizokuja na gari, masahani ya chuma yanayobanwa na breki, akaishika moja kwa mikono miwili na kuguna.

"Hii ukimwangushia mtu mguuni, umempa likizo ya kudumu."

"Ndiyo maana nataka zitoke, baba."

"Zitoke, ndiyo. Uzito wa kwenye gurudumu si sawa na uzito wa kwenye buti, mwanangu. Huu wa gurudumu injini inaubeba na kuuzungusha pia. Ukiupunguza, gari linaamka mapema."

Wakaenda duka la spea. Muuzaji aliwapangia mezani aina kadhaa, na mkono wa Pazia ukaenda moja kwa moja kwenye ile nyembamba kuliko zote, imetobolewa matundu kila mahali kama chujio. Aliinyanyua kwa vidole tu.

"Nyundo anazo hizi hizi," muuzaji akasema.

Hapo biashara ilikuwa imeisha. Nyundo ndiye aliyemshinda msimu mzima uliopita, mbio baada ya mbio.

"Matundu yamezidi," baba mkwe alinong'ona.

"Baba, anayetushinda ndiye anazitumia."

Mzee akalibeba boksi hadi kwenye gari. 

Siku iliyofuata, mchana, baba mkwe alikuwa anasugua kutu kwa brashi ya waya, gari likiwa juu ya stendi, diski mpya zikisubiri kwenye boksi. Ikasikika hodi. Alikuwa Nyundo mwenyewe, amebeba gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kutupeleleza?"

Nyundo hakucheka. "Nimesikia dukani mmechukua diski kama zangu. Mmeshazifunga?"

"Bado," Pazia alijibu, akitokea chumba cha cherehani na futi ya kupimia kitambaa shingoni.

"Basi msizifunge."

Akalifungua gunia na kuitoa diski iliyounguzwa na joto hadi ikawa ya bluu. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye tundu moja, ukarukia la pili, ukaendelea hadi ukingoni.

Pazia aliitazama, kisha akamtazama Nyundo. Hakuwa mjinga. Mpinzani hatoki kwake kuja kukuambia ubaki na uzito wako bila sababu.

"Kwa hiyo nirudishe chuma changu kizito, wewe upite. Si ndivyo?"

"Ulisikia niligonga ukuta wa matairi kwenye kona kali, siku ya mazoezi?"

"Walisema ulichelewa kukanyaga breki."

"Niliwaacha waseme." Nyundo akajikuna kidevu. "Nilikanyaga mapema kuliko siku zote, dada. Pedali ikatetemeka, halafu gari likavuta upande likanipeleka kule. Nilipofungua gurudumu nikakuta hii."

"Mbona hukusema?"

"Kila mtu alinionya nilipozinunua. Nikaona nisiwape cha kunichekea."

"Na mimi unaniambia kwa nini?"

"Kwa sababu kona ile, wewe hukanyaga kwa kuchelewa kuliko mimi."

Baba mkwe aliichukua diski, akatoka nayo mlangoni, akaielekeza kwenye jua. Mwanga ulipenya ule ufa na kumchora mstari usoni. Aliporudi, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Mwanangu, leta kiti. Mgeni amesimama."

Nyundo akaketi, akawaeleza alichojifunza baada ya ajali. Aligusa ukingo wa diski, pale pedi za breki zinapoibana. "Pedi zinauma hapa. Joto lote linaingia hapa. Hapa ukipunguza chuma, joto halina pa kukaa, linakipasua. Wepesi utafute katikati, ambako pedi hazifiki." Aina aliyofunga sasa ilikuwa ya vipande viwili: duara la chuma nene kwa nje, lililochongwa vijifereji badala ya matundu, na kitovu cha alumini kwa ndani, vimeunganishwa kwa bolti.

"Nyepesi kama hizi?" Pazia aliuliza, mkono juu ya boksi.

"Hapana. Sikudanganyi. Ni nyepesi kuliko zako za zamani, lakini nzito kuliko hizi."

Kwa kuwa hazikuwa zimefungwa, muuzaji alikubali kubadilishana, ingawa alinuna kama mtu aliyeamshwa usingizini. Pazia alizipima mkononi zote mbili kwa mara ya mwisho, roho ikamuuma kidogo, kisha akaiacha ile ya matundu mezani. Baba mkwe alizifunga zile za vipande viwili, na kwenye barabara isiyo na watu wakazizoesha pedi mpya: kasi, breki, kasi, breki, halafu mwendo wa taratibu mpaka zipoe. Gari liliamka mapema, kama mzee alivyosema. Si sana, ila liliamka.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali. Giaboksi ya Nyundo ilikufa mapema, naye akabaki kwenye uzio pamoja na baba mkwe, wakigawana chupa ya maji. Mbio zilikuwa zinaelekea ukingoni, na breki za kila mtu zimechemka, Pazia alipotokea kileleni mwa mwinuko ulio kabla ya ile kona kali. Mbele yake gari la dereva mmoja mgeni lilikuwa limezunguka na kuziba njia. Mlango ulikuwa wazi. Dereva alikuwa nusu ndani nusu nje, mguu umenaswa na mkanda. Bendera ya kuonya hatari ndiyo kwanza ilikuwa inanyanyuliwa.

Pazia alikanyaga kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Pedali ilikuwa ngumu chini ya mguu wake, haikutetemeka, haikuzama. Gari lilienda limenyooka, likilia, likipungua, likipungua, likasimama. Yule dereva alinyoosha mkono akaugusa uso wa boneti, kana kwamba anataka kuhakikisha kweli limesimama. "Asante," akasema. "Asante. Asante." Hakuwa na neno lingine.

Mbio zilisimamishwa. Pazia alishuka, akatembea hadi kwenye uzio. Baba mkwe alikuwa amekaa chini, kofia imemfunika uso. Nyundo alikuwa amesimama, vidole vimeng'ang'ania wavu.

"Zile diski..." Pazia alianza.

"Nimeona," Nyundo akasema. "Mguu wangu ulikanyaga pamoja na wako."

Kabla watu hawajatawanyika, Nyundo aliwaita madereva wote akawasimulia habari ya ule ufa, bila kujificha. Hakuna aliyecheka. Wawili walikwenda moja kwa moja kufungua magurudumu yao.

Nyumbani, mumewe Pazia aliisikiliza hadithi nzima akiwa ameshika filimbi ya mwanafunzi aliyokuwa anaitengeneza. Ilipoisha akauliza tu, "Anakaa wapi huyo?"

Kesho yake akaomba apelekwe, kwa gari, polepole, kichwa kikiwa nje ya dirisha njia nzima. Alikuwa ametunga maneno mazuri ya shukrani. Mlango ulipofunguliwa, yote yakamruka. Akamkumbatia Nyundo hapo hapo kizingitini na kuanza kulia, na Nyundo, mtu mzima mwenye mabega kama kabati, hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mama yake Nyundo akatoka jikoni mbio. "Jamani, kuna msiba?"

"Hapana, mama," mwalimu akasema, akijifuta kamasi. "Hakuna. Ndiyo maana nimekuja kushukuru."

Mama akamshika mkono akamwingiza ndani, akampa maji kwanza, maswali baadaye. Walikaa hadi jua likapoa. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuuliza lolote kuhusu magari, alitaka aelezwe kila kitu: pedi ni nini, alumini inakaa wapi, bolti hukaguliwa lini. Nyundo alimweleza kwa sahani na vikombe vya mama yake.

Msimu ulipoisha, Nyundo alishinda tena, na Pazia akawa wa pili. Mwalimu alikuwepo uwanjani, amekaa mbali kidogo na moshi, akimpigia makofi mshindi mpaka viganja vikamwaka moto.