Soda Ndani ya Chungu cha Ajono

Emukule alipoona kreti tatu za soda zikishushwa nyumbani kwake, nje kidogo ya Malaba, aliuliza nani anaumwa. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na kwake soda ilikuwa kitu cha kumpelekea mgonjwa hospitalini.

Hakuna aliyeumwa. Zililetwa na Methuselah wa Nambale, aliyekuja na mama yake, Roselida, kumposa Alaso, binti pekee wa Emukule. Methuselah alikuwa mkalimani wa mhubiri mmoja Mmarekani, na kazi ilikuwa imemwingia mwilini: hata Kiswahili alikitolea puani.

"Mzee, kanisa yetu haikubali pombe," alisema. "Hii ndiyo watu wa Amerika wanakunywa wakiwa na furaha."

"Na wakiwa na huzuni?"

"Hii hii, mzee."

Emukule aliwahurumia Wamarekani. Lakini hapo kwake posa haikubaliwi mpaka wakwe waketi kuzunguka chungu kimoja cha ajono, ile pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Methuselah akakataa kwa heshima. Emukule naye akamkatalia kwa heshima. Posa ikakwama, watu wakabaki kutazama kuku.

Alaso ndiye aliyewatoa kwenye tope hilo. Alimimina soda zote ndani ya chungu, akagawa mirija. Povu likafurika mpaka chini. Wazee wa ukoo waliokuja kushuhudia posa wakavuta, wakacheua kwa zamu, kwa kufuata umri. Emukule alivuta kidogo, akavuta tena. Ilikuwa tamu, na jambo hilo lilimuudhi kupita kiasi.

Haikupita robo saa, chungu kikaanza kukauka. Methuselah akatazama saa yake.

Hapo Emukule aliingiwa na hofu. Ajono huongezwa maji ya moto, ikanyweka mpaka jioni, na mgeni hainuki kabla chungu hakijaisha. Ni katika siku hiyo nzima baba hupata kumjua anayemchukua mwanawe. Yeye alikuwa amepewa robo saa.

"Leta maji moto," alimwambia Alaso.

"Kwa soda, baba?"

"Chungu ni yangu."

Kufikia birika la tatu walikuwa wakinywa maji ya moto yaliyowahi kukutana na sukari. Hakuna aliyeinuka. Habari za Amerika zilimwishia Methuselah, pua ikafunguka, akaanza kusimulia jinsi alivyomuuguza baba yake miaka miwili, akimnyoa ndevu kila Jumamosi, maana mzee alikataa kufa akiwa mchafu. Roselida alilia kimyakimya, mrija ukiwa bado mdomoni.

Emukule hakuwa tena na sababu ya kukataa, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Akachungulia chunguni. Palibaki kiasi cha mvuto mmoja tu.

"Alaso, mwanangu," akasema, "ongeza maji."