Matumba Yaliyolala Mnero

Waliohudhuria: Bibi Gaudensia, mwenye bustani, Bwana Protasi, mumewe, yaani Baba Dominiko, Bibi Biasha, jirani yao, na mimi Leonard, mwalimu wa sayansi, niliyeitwa kutazama. Ilikuwa Mnero, Jumamosi ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi.

Pande zote nyasi zilikuwa zimekauka, lakini matuta sita ya Gaudensia yalijaa majani marefu, ya kijani, yenye afya ya kushangaza. Yalikuwa majani ya maua yaotayo kwenye kitunguu kisicholiwa, yale mekundu yenye umbo la tarumbeta, ambayo mpambaji mmoja wa kumbi za arusi Ruangwa aliahidi kuyanunua yote. Miaka miwili ilikuwa imepita bila ua hata moja.

“Mke wangu analima majani,” akasema Protasi. “Hata mbuzi wa shemeji Biasha waliyanusa wakaenda zao.”

“Mbuzi wangu wana adabu, shemeji. Hawali jasho la mtu.”

Tulicheka, ila Gaudensia hakucheka. Mumewe alikwisha kumwambia kwamba pasipoonekana ua kabla ya mwisho wa Januari, matuta yatavunjwa na ufuta utapandwa. Kwa hiyo kiangazi chote alibeba ndoo kumi na mbili kila jioni, mimea yake isije ikaona kiu.

Biasha akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na kitunguu kikavu cha maua yale yale, bila udongo, na juu yake limesimama shina nene kama kidole gumba lenye tumba jekundu.

“Nilivichimbua vyangu mwezi wa sita tulipojenga ukuta upya,” alieleza. “Nikavitupa darini, juu ya jiko, pamoja na mahindi ya mbegu. Nikavisahau.”

“Hukukipa maji?”

“Maji ya nini, Mwalimu? Nilijua nimekiua!”

Nikaomba kisu na kitunguu kimoja cha Gaudensia. Alichagua kidogo kuliko vyote, nikamwomba kikubwa. Alikitoa kwa shingo upande. Nilikipasua kutoka juu hadi chini, wote tukainama. Kati ya tabaka zake, karibu na kitako, kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Nikakifungua kwa mwiba. Petali zilikuwemo, zimebanana.

“Kumbe lipo!” Gaudensia alinong'ona.

“Yapo mawili. Tazama na hapa.”

Protasi alikinyang'anya kipande, akakielekeza juani. “Sasa linangoja nini?”

Nikawaeleza kadiri nijuavyo: mmea huu umezoea kulala wakati wa ukame. Majani hukauka, kitunguu hupumzika, na kikishapumzika vya kutosha ndipo ua huamka na kutoka, pengine hata kabla ya maji kurudi. Mmea wa Gaudensia haukuwahi kulala, kwa kuwa kwake mvua haikukatika.

Gaudensia aliketi pembeni mwa tuta. “Miaka miwili nayabembeleza, kumbe nayakesheza.”

“Na moshi je?” Biasha akauliza. “Vyangu vilikuwa juu ya moshi.”

“Hilo sijui,” nikakiri.

“Mwalimu hajui!” Protasi alifurahi kupita kiasi.

“Ndiyo maana inafaa tupime.”

Tukahesabu majuma. Vikichimbuliwa leo na kukaushwa mpaka mwisho wa Novemba, maua yangetoka katikati ya Januari au baadaye kidogo. Vikioza, muda wa kujaribu tena haupo. Gaudensia alipitisha mkono juu ya majani yale mazuri, kisha akasimama.

“Sikilizeni. Leo nakata majani yote na kuchimbua kila kitunguu. Nusu vitakaa kwa Biasha, juu ya moshi. Nusu ghalani kwangu, pasipo moshi, na kila fungu litakuwa na alama. Asivipe mtu maji mpaka wiki ya mwisho ya Novemba, hata mimi mwenyewe mkiniona nimeshika ndoo, ninyang'anyeni. Januari ikiisha bila ua, Baba Dominiko, panda ufuta wako, sitasema neno.”