Barua Iliyogoma Kuchapika

Mkuu wa maktaba yetu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Bwana Taratibu, alikuwa ameshaifuta programu ile mara tatu. Kila mara aliburuta kipicha chake hadi kwenye kapu la taka la kompyuta, akatuita tushuhudie, akaniamuru niandike kwenye kumbukumbu kwamba imeondolewa rasmi. Kesho yake inaibuka tena katikati ya skrini, inapiga kengele: “Kompyuta yako ni chafu! Safisha sasa!” Nikamwambia kufuta kipicha ni kung'oa kibao cha jina mlangoni ukadhani umemhamisha mpangaji. Akanijibu kwamba mimi si mjumbe wa kamati.

Kamati yenyewe ilikuwa yeye na Mama Stoo, mtunza stoo. Jumatatu wakajifungia asubuhi nzima, wakatoka na uamuzi: aliyeingiza uchafu ule ni yule anayekaa kwenye kompyuta kuliko wote. Yaani mimi, mchapaji.

“Mama Pacha,” Bwana Taratibu akasema, uso kaukunja utadhani yuko msibani, “chapa barua ya kukuachisha kazi. Nakala mbili. Niisaini kabla ya saa sita.”

Miaka tisa ya kazi, halafu unga wangu umwagwe na kamati ya watu wawili! Nilikasirika. Nikaanza kuchapa: “Tunasikitika…” Kengele. Skrini yote nyekundu. Nikafunga, nikaanza upya. Kengele.

“Haichapiki, bosi. Mpaka hii programu itoke.”

“Basi itoe!”

“Mimi si mjumbe.”

Wakafanya kikao cha dharura hapo hapo wamesimama, nikawa mjumbe.

Kwanza nikanakili mafaili yetu kwenye flashi, maana sitaki lawama mbili kwa siku moja. Nikaifunga programu isiendelee kufanya kazi, kisha nikafungua mipangilio, kwenye orodha ya programu zote zilizomo. Ilikuwepo, na mbele yake siku iliyoingizwa. Nikaisoma mara mbili.

“Njooni muone kabla sijaiondoa.”

Mama Stoo akavaa miwani, akahesabu kwa vidole. “Tarehe kumi, mwezi wa tatu. Mama Pacha si ulikuwa likizo ya uzazi? Na wewe, bosi, si ndiwe uliyekuwa unakaa hapa?”

Bwana Taratibu akakohoa. “Ondoa haraka.”

Nikabonyeza. Programu ikauliza kama kweli tunataka kuiondoa, ikatoa kitufe kikubwa cha kijani, “Baki”, na kingine kidogo, kimefifia, “Ondoa”. Bwana Taratibu akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye kile cha kijani. Nikausogeza mkono wake, nikabonyeza kile kidogo. Nikaizima mashine na kuiwasha tena, nikakagua orodha, haimo. Nikafuta folda iliyoachwa nyuma na kipande chake kilichojibanza kwenye kivinjari cha intaneti. Kengele haikulia tena.

Nilitaka kucheka, nikajikuta nafuta machozi.

“Barua sasa inachapika, bosi,” nikasema. “Niweke jina la nani?”

Bwana Taratibu akainama karibu na sikio langu.

“Mama Pacha,” akanong'ona, “hicho kitu hakiwezi kurudishwa, barua isichapike?”

“Kinaweza,” nikamwambia. “Ila kitaandikwa kimeingia leo, na mashahidi tupo.”