Maktaba ya Kisasa ya Mwalimu Stambuli

Mkutubi wetu, Mwalimu Stambuli, alikwenda semina ya maktaba za kisasa mjini Morogoro, akaturudia huku Uluguru na beji ya shingoni na kufuli jipya. Kompyuta ya wanafunzi aliifunika kitambaa cha kufuma, kama televisheni ya sebuleni. Vitabu alivijaladia kwa nailoni, akavipanga kwa urefu, akafunga mlango. Mtoto akiomba kitabu, anaambiwa akanawe mikono kwanza. Akirudi, bwana mkubwa ameshakwenda kunywa chai. Mimi nafundisha baiolojia darasa la jirani, na nimechoka kumsikia akijisifu kwamba tangu aje hakuna ukurasa uliochanika.

Juzi alikuja mthibiti ubora wa shule. Stambuli akafungua mlango kwa madaha ya bwana harusi. Mgeni akavuta kitabu cha baiolojia, kilekile ninachokililia tangu masika. Jalada likabaki mkononi mwake, linameta. Kurasa zilikuwa zimeliwa na mchwa, na udongo wao ukammwagikia viatuni.

Stambuli akaiweka sawa beji yake, akakohoa.

“Lakini mheshimiwa,” alisema, “hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekigusa.”