Herufi Zenye Miguu

Makaburi ya Kumsenga karibu yote nimeyajengea mimi, na saruji yangu haipasuki ovyo. Kwa hiyo Mama Irakoze aliponiambia kaburi la mwanawe lina ufa, damu ilinichemka.

Mama Irakoze haoni. Macho yalimwacha ukubwani, baada ya miaka mingi ya kusoma masomo kanisani, kwa hiyo herufi anazijua vizuri. Siku hiyo alikuwa amepiga magoti, anapapasa jina nililoliandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi.

"Pasikali, jina liko wapi?"

"Hapo hapo ulipogusa, mama. Hiyo ni I."

"Huu ni ufa." Akapapasa tena, kisha akaurudisha mkono kifuani. "Wamelala wengi hapa. Nikija peke yangu, mwanangu nitamjuaje?"

Hasira iliniisha, nikabaki na aibu.

Nikapanda gari hadi Makere kwa Benita, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayechonga herufi za mbao za mabango ya makanisa. Herufi zake ni za kizamani, nene, na kila mstari una vijiguu mwishoni. Sisi wenye haraka tunaona vile ni mapambo tu.

"Benita, nikatie hivi vijiguu, vitanichelewesha."

"Hapana, papa. Ukivikata, kidole kitajuaje kama mstari umefika mwisho?"

Mwamba ngoma huvutia kwake, nikajisemea. Lakini nilipozishika zile za jina la Irakoze, nilisahau haraka yangu. A ilikuwa na mguu mmoja mwembamba na mwingine mnene, kama mtu aliyeegemea ukuta. O imenona ubavuni, imekonda juu na chini. R ilirusha mguu mbele kwa madaha. Na I, ile I yangu iliyoitwa ufa, ilisimama kifua mbele, ina kichwa na ina nyayo, na unene wake ni wa kidole. Jamani, zilikuwa nzuri! Nilizigeuzageuza mpaka gari la kurudi likaniacha.

Nikaondoa saruji ya juu ya kaburi, nikamwaga nyingine. Nikazipaka herufi mafuta, nikazididimiza moja moja, nikazing'oa taratibu. Kingo zilitoka safi, hazikumeguka popote.

Saruji ilipokauka nikamleta Mama Irakoze, nikasimama nyuma yake roho mkononi. Kidole chake kiliingia kwenye I, kikateremka, kikafika chini, kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikatulia.

"Ufa hauna miguu," akasema.

Akaendelea, R, A, K. O aliizunguka, akaizunguka tena. Akapita Z, na alipofika E hakuondoa mkono.

"Mwana wanje," akamwita mwanawe kwa lugha ya kwao. "Nimekuja."

Nikachukua mwiko wangu, nikawaacha wawili.