Kila Tumbaku na Kiko Chake

Kazini walimwita Bwana Kadi, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alikuwa ametunza stoo ya dawa ya hospitali kwa miaka ishirini na mitatu, na ndani ya stoo ile hapakuwa na kitu, kuanzia sindano hadi ndoo ya kupigia deki, kisichokuwa na kadi yenye jina lake, tarehe ya kuingia na mahali pake pa kukaa. Hata kiti alichokalia kilikuwa na kadi. Wauguzi walisema siku akifa malaika watamkuta ameshajiandikia ya kwake. Alicheka pamoja nao, huku moyoni akijiuliza kama wazo hilo lilikuwa baya kiasi hicho.

Alipofikisha miaka hamsini na miwili akapandishwa cheo, na cheo kikamwingiza kwenye vikao vya kila Jumatatu pamoja na madaktari. Huko ndiko alikogundua kwamba hana sauti. Akianza kusema, daktari wa meno anadakia. Akimaliza kusema, mganga mkuu anauliza kama kuna mwenye hoja. Kila Jumatatu alirudi nyumbani na hoja zake zote tumboni, nzima kama alivyoondoka nazo.

Ndipo alipomkumbuka baba mkwe wake, Mungu amrehemu. Mzee alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na alivuta kiko. Ukimuuliza jambo, alikitoa mdomoni, akakitazama, akakigonga mara mbili kwenye benchi lake la kazi. Watu walitulia tuli wakimsubiri, na hata akisema "Sijui," walirudi makwao wakiisifu busara yake. Bwana Kadi alimwonea gere mzee yule kwa miaka kumi na mitano, mpaka alipofariki. Sasa akakata shauri kwamba siri haikuwa kwa mzee. Siri ilikuwa kwenye kiko.

Ukiiga tembo kunya utapasuka msamba, wamesema waliotutangulia. Bwana Kadi aliijua methali hiyo vizuri sana, ila aliamini ilitungwa kwa ajili ya jirani.

Alingoja mkewe asafiri. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, mwenye ulimi uliokata kuliko mkasi wake, na si mtu ambaye ungependa akuone ukijifunza kitu kwa mara ya kwanza. Jumapili akaenda kwa dada yake kumsaidia kuhamia nyumba mpya, wiki nzima. Bwana Kadi naye akachukua likizo ya wiki. Jumatatu asubuhi na mapema alikuwa dukani kwa Bibi Tumbaku.

Duka lilikuwa jembamba kama korido, na rafu zake zilijaa mitungi ya kioo. Bibi mwenyewe alikaa nyuma ya mizani akiwa amejifunga kitambaa kichwani.

"Shikamoo, bibi. Nataka kuanza kuvuta kiko."

"Marahaba." Akamtazama kuanzia viatu hadi miwani. "Nani kakukosea, baba?"

Alipoona hatanii, akamfungulia mitungi mitatu anuse. Mmoja ulikuwa na tumbaku iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, wa pili ya asali, wa tatu ya vanila. Bwana Kadi akasema atachukua zote, na kiko kimoja.

"Kimoja hakitoshi," bibi akasema. "Kiko ni mti, na mti unakunywa. Leo ukivutia ya moshi, kesho ukatia ya vanila, utakuwa unavuta keki iliyoungua. Wanaojua husema, kila tumbaku na kiko chake."

Moyo wa Bwana Kadi ukaruka. Kumbe duniani kulikuwa na starehe yenye utaratibu wa stoo! Alinunua viko viwili, maana vilivyobaki dukani vilikuwa hivyo tu, na tumbaku zote tatu. Kabla hata ya kunywa chai alikuwa ameshaandika kadi. Kiko namba moja, tumbaku ya moshi, ya kutafakari baada ya chakula. Kiko namba mbili, tumbaku ya asali, ya asubuhi. Kiko namba tatu, tumbaku ya vanila, ya kupokelea wageni. Kiko namba tatu hakikuwepo bado, lakini kadi yake ilikuwa tayari.

Mambo ya kuvuta yenyewe yalikuwa na kadi zake nyingine. Kiko namba moja alikishindilia kama anafunga gunia, akatumia njiti kumi na nne bila kupata moshi. Namba mbili alikijaza kwa huruma zaidi, kikawaka, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba moshi wa kiko haumezwi, akaumeza. Akajikuta amekaa sakafuni akiwa ameukumbatia mguu wa meza. Jirani aligonga mlango kuuliza kama kuna sufuria imeungua. Baadaye Bwana Kadi aliandika kwenye kadi: "Athari: kizunguzungu, dakika ishirini. Ulimi kuwaka."

Jumanne ndipo alipokumbuka kwamba hospitalini ni marufuku kuvuta kitu chochote. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha vikao. Alikuwa amelibandika yeye mwenyewe, na lilikuwa na kadi. Akajifariji kwamba kikaoni atakishika tu kikiwa kimezimika, maana kazi kubwa ya kiko cha mzee ilikuwa kule kugonga mara mbili.

Jumatano alikuwa ameanza kuzoea, ila kadi ya namba tatu ilikuwa inamsumbua. Tumbaku ya vanila ilikaa mezani bila makazi, jambo ambalo stoo yake isingelivumilia hata siku moja. Ghafla akakumbuka kikopo cha biskuti ndani ya kabati la nguo, mkewe anamoweka vifungo na nyuzi. Humo mlikuwa na kiko cha marehemu.

Alikikuta kimeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa. Mrija wake ulikuwa umetafunika, na ndani ya bakuli lake mlikuwa na ukoko mweusi mnene, kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Alipokisogeza puani kikampiga harufu nzito ya karakana, ya kitu cha zamani kisicho na jina. "Uchafu," akasema. Katika stoo yake hakipokelewi kitu kabla hakijasafishwa, na hapo akapata wazo lililomfurahisha kweli: atakisafisha kiko cha baba mkwe, mkewe arudi akute kinang'aa. Alitaka kumpendeza. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo jambo pekee la kumtetea.

Akaukwangua ukoko wote kwa kisu cha kukunja. Kisha akapitisha pamba iliyolowa spiriti, mara nne, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Akakianika dirishani. Jioni kilikuwa kinanukia chumba cha sindano, na yeye akaona hiyo ni sifa. Akakijaza tumbaku ya vanila, akakiwasha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu moto haukuzimika. Akaamini marehemu amempa baraka zake.

Alhamisi mkewe akapiga simu.

"Nimekuandalia jambo zuri," Bwana Kadi akasema.

"Usiniambie umepika."

"Nimesafisha kiko cha baba. Mke wangu, kinang'aa mpaka unajiona!"



"Umekisafisha na nini?"

"Spiriti."

"Nje?"

"Ndani hasa. Mlikuwa na ukoko humo wa miaka na miaka. Nimeukwangua wote."

Alisikia vyombo vikigongana kule kwa shemeji yake, na mtu akiuliza sanduku liwekwe wapi.

"Baba alikuwa amebaki kwenye ule ukoko tu," akasema polepole. "Siku nikizidiwa nafungua kikopo, nanusa, halafu narudi kushona. Basi."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Nitarudi Jumamosi."

Bwana Kadi alibaki na simu mkononi. Mara ngapi alimkuta mkewe amesimama mbele ya kabati, kikopo kikiwa wazi, ameinamisha kichwa! Alidhani anatafuta kifungo. Siku moja hata alimshauri avipange vifungo kwa rangi na kuviandikia kadi, na mkewe akamwambia, bila kugeuka, kwamba atafikiria. Alipolikumbuka hilo aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye alikuwa na siku mbili, na aliamua kuyazoa.

Ijumaa alimkuta Bibi Tumbaku anafungua duka. Akatoa kadi na kalamu.

"Bibi, baba mkwe wangu, yule seremala. Alivuta tumbaku gani?"

Bibi akacheka hadi akashika mizani.

"Yule? Hakuwa na tumbaku, baba. Nilikuwa namkusanyia yaliyobaki chini ya mitungi. Ya moshi, ya asali, vumbi la ile kali, yote nakung'utia pakiti moja. Naye anakwenda kuyatia mfukoni mwa aproni, pamoja na vumbi la msumeno. Nilimwambia na yeye, kila tumbaku na kiko chake. Akanijibu ana mdomo mmoja tu."

Kalamu ya Bwana Kadi ilikuwa hewani. Hakuna kadi aliyowahi kuandika ambayo ingeweza kubeba habari hiyo.

"Basi nikung'utie na mimi."

"Nitakukung'utia. Lakini ukoko siuzi. Ule aliupika miaka thelathini."

Mfa maji haishi kutapatapa. Bwana Kadi akaenda nyumbani na pakiti yake ya makombo. Vumbi la msumeno hakuwa nalo, kwa hiyo akageuza kigoda cha jikoni juu chini, akakata kipande cha mguu mmoja kwa msumeno, na kukusanya unga wake kwenye gazeti. Akachanganya. Akavuta. Alivuta Ijumaa mchana kutwa, akatapika, akanywa maji, akavuta tena. Jumamosi akaamka akavuta kabla ya kunawa uso. Alikuwa amefika mjazo wa kumi na moja, na ukoko aliokuwa ameupata ndani ya bakuli ungeweza kufutwa kwa kidole.

Saa nne asubuhi mlango ukafunguliwa. Mkewe akaweka begi chini, akamtazama mumewe aliyekaa upande upande juu ya kigoda kilichoinama, uso umempauka, kiko mdomoni.

Bwana Kadi alikuwa ameandaa maelezo marefu. Akakitoa kiko mdomoni, akakitazama, akakigonga mara mbili kwenye kona ya meza. Mkewe alisimama akimsubiri aseme, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumsubiri hivyo. Akatafuta yale maelezo, hayakuwepo.

"Nimekosa," akasema.

Mkewe akanyoosha mkono. Akakipokea kiko, akakisogeza puani, akafumba macho. Bwana Kadi aliomba kimoyomoyo, yeye ambaye hata kikaoni hakuwahi kuomba nafasi ya pili.

"Si yeye," mkewe akasema. Akanusa tena. "Vanila. Hospitali. Na kigoda changu."

Kisha akalia. Hakulia kwa sauti, alikaa kwenye kiti cha cherehani na machozi yakamtoka, na Bwana Kadi akasimama pembeni yake mikono ikining'inia. Alitamani angemkosea kwa namna nyingine yoyote. Hakujua hata amguse begani au asimguse, mwishowe akamgusa, na mkewe hakuutoa mkono.

Zile kadi zilikuwa mezani. Mkewe akazivuta, akaanza kuzisoma huku akipangusa pua kwa kipande cha kitambaa. "Ya kutafakari baada ya chakula," akasoma. "Athari: kizunguzungu, dakika ishirini." Mabega yakaanza kumtikisika, na Bwana Kadi alidhani kilio kimezidi, kumbe ni kicheko. "Ulimi kuwaka! Jamani, mwanamume huyu!" Alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka Bwana Kadi naye akalazimika kucheka.

Alipotulia, mkewe akachukua kadi ya kiko namba tatu, akaichana. Akachukua nyingine isiyoandikwa kitu, akaandika kwa penseli yake ya kuchorea nguo, akaitoboa kwa sindano na kuifunga kwa uzi shingoni mwa kiko. Hakukirudisha kwenye kikopo. Akamwekea mumewe mkononi.

Kadi haikuwa na namba, wala tarehe ya kuingia, wala mahali pa kukaa. Ilisema: "Cha mume wangu. Kisioshwe."

Bwana Kadi akaisoma mara mbili. Miaka ishirini na mitatu kazini haikumfundisha kuuliza, ila wiki ile ilimfundisha.

"Kwa nini kisioshwe?"

"Kwa sababu umenizidi miaka kumi na miwili," mkewe akasema, akirudisha vifungo vyake ndani ya kikopo kimoja kimoja, "na mimi nimeshazoea kunusa."

Bwana Kadi akakaa kwenye kigoda kilichoinama, akakusanya makombo yaliyobaki kwenye pakiti, ya moshi, ya asali na ya ile kali yote pamoja, akajaza kiko, akawasha, akakohoa.

"Taratibu," mkewe akasema. "Hatuna haraka."